Kifafa katika nyumba isiyokula nguruwe: uchambuzi wa kisa kimoja cha Mbozi

Kisa ninachokichambua hapa kilitokea katika kijiji kimoja cha wilaya ya Mbozi, upande unaolima kahawa, wakati nikiwa afisa mifugo wa kata. Familia yenyewe imeniruhusu kukisimulia kwa sharti kwamba nisitaje jina la mtu wala la kijiji. Nakiandika kwa kirefu kwa sababu wengi wetu katika nyanda za juu kusini tunaijua nusu tu ya habari ya tegu wa nguruwe, yaani mnyoo bapa anayepita kwa nguruwe na kwa binadamu, na nusu hiyo ndiyo inayotufanya tuamini kwamba madhara yake yanamhusu mla kitimoto peke yake.

Binti wa miaka 16, mwanafunzi wa kidato cha pili, alianguka asubuhi moja ya mwezi Julai alipokuwa akianika kahawa kwenye vichanja pamoja na mama yake. Mkono wa kulia ulianza kutikisika wenyewe, mdomo ukavutwa upande huohuo, kisha mwili wote ukakakamaa na fahamu zikampotea. Alipozinduka hakukumbuka lolote, na kichwa kilimuuma hadi jioni. Hakuwa na homa. Utotoni hakuwahi kupata degedege, na katika ukoo wa baba na wa mama hapakuwa na mtu aliyejulikana kuwa na kifafa. Mambo hayo matatu, yaani umri wake, ukosefu wa homa, na mtikisiko kuanzia upande mmoja wa mwili kabla ya kuenea, yalikuwa tayari yanaonyesha kwamba kuna kitu mahali fulani ndani ya ubongo. Hakuna aliyeyatazama kwa jicho hilo wakati ule, mimi nikiwa mmojawapo, kwa maana nilidhani kazi yangu inaishia bandani.

Yaliyofuata ni yale yanayofuata karibu kila mahali. Baadhi ya ndugu walisema amerogwa kwa sababu ya kufaulu kwake shuleni, wengine wakataja mapepo, na mbuzi wawili wakaenda kwa mganga bila baba kuambiwa. Baba ni mzee wa kanisa la Wasabato, naye alishika maombi. Miezi minne baadaye binti alianguka jikoni akiwa peke yake na wadogo zake wawili, na mkono wa kushoto ukaangukia kwenye mafiga yenye moto. Wadogo zake walisimama mlangoni wakilia bila kumgusa, kwa kuwa walikuwa wameambiwa kwamba mate ya mwenye kifafa yanaambukiza. Aliyemtoa ni jirani aliyesikia kelele kutoka shambani. Kifafa hakiambukizwi kwa mate, wala kwa povu, wala kwa kumshika mtu aliyeanguka, na kama neno hilo lingekuwa limefika katika nyumba ile mapema, mkono wa yule binti usingekuwa na kovu linaloanzia kiganjani hadi karibu na kiwiko. Siwezi kuliandika jambo hilo kwa utulivu, na sioni sababu ya kujaribu.

Baada ya kuungua alipelekwa kituo cha afya, akaanzishiwa fenobabitoni, dawa ya kuzuia kifafa, na kuanguka kukapungua kutoka mara tatu au nne kwa mwezi hadi mara moja katika miezi miwili. Familia ilishukuru na kuona kwamba imepata dawa. Ilichukua zaidi ya mwaka hadi tabibu mmoja mgeni kituoni hapo alipomuuliza mama swali ambalo halikuwa limeulizwa: kinaanzia wapi mwilini? Mama alipojibu kwamba huanzia mkono wa kulia, tabibu aliandika barua ya rufaa ili binti apigwe picha ya skani ya kichwa. Ili kulipa nauli na kipimo, familia iliuza magunia ya mahindi iliyokuwa imeyahifadhi kwa ajili ya mwezi wa Februari.

Picha ilionyesha vifuko vitatu vidogo katika ubongo. Viwili vilikuwa na nukta nyeupe ndani, mfano wa punje iliyokaa katikati ya tone la maji, na nukta hiyo ni kichwa cha lava ya tegu, yaani tegu mchanga ambaye bado hajawa mnyoo kamili. Kifuko cha tatu kilikuwa kimeanza kufa na kuzungukwa na uvimbe, na kilikaa upande wa kushoto wa ubongo, ambao ndio unaoongoza mkono wa kulia. Daktari aliwaeleza wazazi kwamba huo ni ugonjwa wa vifuko vya tegu wa nguruwe ndani ya ubongo. Baba alimwambia, kwa adabu lakini kwa uthabiti, kwamba picha hiyo huenda ni ya mgonjwa mwingine. “Daktari, sisi ni Wasabato. Nyama hiyo haijapita mlango wangu tangu nilipomwoa mama yao.”

Siku tatu baadaye alikuja ofisini kwangu, akakaa, akavua kofia. “Bwana mifugo, wewe ndiwe unayewajua nguruwe. Niambie kama mwanangu amelishwa kwa siri.”

Nilimwambia kwamba hata kama angelishwa, nyama hiyo isingemtia vifuko kichwani. Hapo ndipo lilipo fundo la kisa chote, na naomba msomaji alifuate polepole, kwa maana tegu wa nguruwe ana njia mbili za kumwingia binadamu, na kila njia huzaa ugonjwa wake.

Njia ya kwanza ni ya nyama. Nguruwe mwenye ugonjwa huwa na vifuko vidogo ndani ya misuli, vyeupe, vyenye ukubwa wa kati ya nusu sentimita na sentimita moja hivi, vinavyofanana na punje za wali. Mtu akila nyama hiyo ikiwa haijaiva, lava hutoka kwenye kifuko, hujishikiza kwenye utumbo mwembamba, na katika muda wa miezi miwili hivi huwa mnyoo kamili, bapa kama utepe, wenye urefu wa mita kadhaa. Mnyoo huyo hukaa utumboni kwa miaka. Mara nyingi haumi wala haukondeshi mwili, na mwenye kuubeba huendelea na kazi zake kama kawaida. Unachofanya ni kuachia vipande vya mkia wake katika haja kubwa, na kila kipande kilichokomaa kinaweza kuwa na mayai yapatayo 50,000.

Njia ya pili ni ya mayai hayo. Nguruwe anayezurura akila kinyesi cha mtu mwenye tegu, mayai hupasuka tumboni mwake, vijidudu hupenya ukuta wa utumbo, husafiri na damu na kutua kwenye misuli, na huko hugeuka vifuko. Binadamu akimeza mayai hayohayo, iwe kwa mkono usionawiwa, kwa mboga mbichi au kwa maji, mwili wake hutendewa kama wa nguruwe. Vifuko hutua kwenye misuli, chini ya ngozi, machoni, na katika ubongo. Kwa hiyo anayepata kifafa cha namna hii ni mtu aliyemeza mayai yaliyotoka katika choo cha binadamu mwingine, au katika choo chake mwenyewe ikiwa yeye ndiye mwenye tegu. Nyama ya nguruwe inahusika hatua moja nyuma tu, pale ilipompa tegu mtu aliyeyatoa mayai.

Vifuko vikishatua kwenye ubongo vinaweza kukaa kimya kwa miezi au kwa miaka mingi. Lava ikiwa hai hujificha dhidi ya kinga ya mwili. Inapoanza kufa, mwili huitambua, uvimbe hutokea kuizunguka, na hapo ndipo kifafa huanza. Ndiyo maana mtu huanguka kwa mara ya kwanza muda mrefu baada ya kumeza mayai, wakati hata yeye hawezi tena kukumbuka alikula nini, wapi, na kwa mkono wa nani.

Mzee alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba hajapata kusikia jambo kama hilo likimpata mtu asiyekula nyama hiyo. Nilimsimulia habari ya New York. Katika miaka ya 1990 na 1991, watu wanne wasiohusiana kwa damu, wote wa jumuiya ya Wayahudi wanaoshika dini kwa ukamilifu, walipata kifafa na kugundulika kuwa na vifuko vya tegu wa nguruwe ndani ya ubongo. Nyama ya nguruwe ilikuwa haramu kwao kama ilivyo kwa Wasabato. Wachunguzi walipowapima watu wa nyumbani mwao, waligundua kwamba baadhi yao pia walikuwa na dalili za maambukizi katika damu, na kwamba nyumba hizo ziliajiri wasaidizi wa kazi kutoka nchi za Amerika ya Kusini na ya Kati ambako tegu huyo ni wa kawaida. Mmoja wa wasaidizi hao alikutwa na tegu utumboni. Taarifa hiyo ilichapishwa mwaka 1992. Mzee alitulia kwa muda mrefu, kisha akauliza swali ambalo nilikuwa nikilingoja kwa hofu: “Basi ni nani nyumbani kwangu?”

Sikutaka kulijibu peke yangu. Nilimwomba bwana afya wa kata twende wote, na tulikwenda kwa namna ya kukagua vyoo vya kitongoji kizima, tukianza nyumba za juu, ili nyumba ile isionekane kunyooshewa kidole. Choo cha Mzee kilikuwa cha shimo, kimejengwa vizuri, kina paa na mlango. Hapakuwa na maji ya kunawa karibu nacho. Maji yalikuwa jikoni, hatua thelathini mbali, ndani ya ndoo moja iliyotumiwa na wote kwa kuchota na kikombe. Maji ya kunywa mama aliyachemsha. Mboga za majani zilipikwa. Matunda yaliliwa yalivyo.

Waliokuwa wakiishi hapo ni wazazi, watoto watano, na mdogo wake mama, kijana wa miaka 27, aliyehamia miaka mitatu kabla. Alikuwa kibarua wa kahawa na mpasua kuni, hakuwa muumini wa kanisa lile, na jioni nyingi alikula huko kwenye vilabu vya pombe kabla ya kurudi kulala. Watoto walimpenda kupita kiasi. Alirudi na miwa akaimenya na kuikata pingili, akapasua parachichi na kugawa vipande kwa mkono, akaanza na mkubwa na kumalizia na mdogo kabisa.

Bwana afya alizungumza naye faraghani. Alimuuliza kwa lugha nyepesi kama amewahi kuona vitu vyeupe, bapa, mfano wa tambi pana, katika choo chake. Alijibu bila kusita kwamba anaviona kwa zaidi ya mwaka, na kwamba alimeza dawa ya minyoo ya dukani mara moja, vikapotea kwa muda, vikarudi. Dozi moja ya albendazoli, ambayo ndiyo dawa ya minyoo inayouzwa kila duka, haitegemewi kumtoa tegu. Alileta kipande ndani ya kopo. Mayai ya tegu wa nguruwe na ya tegu wa ng'ombe hayatofautishwi kwa darubini, kwa hiyo kipande chenyewe kilihitajika, kwa sababu ndani yake kuna mji wa mayai wenye matawi ambayo kwa tegu wa nguruwe ni machache na kwa tegu wa ng'ombe ni mengi. Matawi yalikuwa machache.

Napenda kusema wazi kile ambacho uthibitisho huo unaweza kubeba na kile ambacho hauwezi. Kijana alikuwa na tegu wa nguruwe, aliishi nyumba moja na mgonjwa, na muda wa kuhamia kwake unaafikiana na muda ambao vifuko huchukua kabla ya kuleta kifafa. Utafiti wa sehemu nyingi umeonyesha kwamba wenye vifuko hupatikana kwa wingi zaidi karibu na mwenye tegu. Hata hivyo, binti huyo alikulia katika kijiji ambacho nguruwe huzurura na watu hujisaidia vichakani wakati wa mavuno, akasoma shule yenye wanafunzi wengi, akala maembe ya njiani kama watoto wote. Mayai yaliyompata yanaweza kuwa yalitoka kwa mtu ambaye hatutamjua kamwe. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, watu 830 wa vijiji 13 vya Mbozi walipimwa, na takriban asilimia 5 walikuwa na dalili za kubeba tegu utumboni, huku asilimia 16.7 wakiwa na chembe za vifuko vilivyo hai katika damu. Kipimo cha kingamwili, kinachoonyesha kwamba mtu aliwahi kukutana na mayai hata kama hakuugua, kiliwakuta asilimia 45.3. Kwa takwimu hizo, kumwekea kijana mmoja mzigo wote ni kuonea.

Yeye mwenyewe alijiwekea. Alipoelezwa, alikunja nguo zake usiku huohuo. Mzee alimkuta kwenye kizingiti na kumwambia maneno ambayo mama alinisimulia kwa machozi: “Shemeji, kaa. Kula bila kujua si kuroga.”

Sasa nigeukie nguruwe, kwa sababu hapo ndipo wajibu wangu ulipokuwa na ndipo ninapoona kosa kubwa zaidi, ambalo si la mtu mmoja.

Katika kata ile nguruwe hufungiwa kuanzia mvua za kwanza za Novemba hadi mahindi yakauke, kwa kuwa wakiachiwa wataharibu mashamba. Mavuno yakiisha hufunguliwa wazurure, kwa sababu pumba ni ghali na mashamba yana masalia ya bure. Majira hayo ya kuzurura ndiyo majira ya kuchuma kahawa, ambapo vibarua hushinda mashambani mbali na choo chochote. Nguruwe na kinyesi cha binadamu hukutana kwa kalenda, mwaka baada ya mwaka.

Wanunuzi wa nguruwe wanajua ugonjwa huo vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Mnunuzi akifika, nguruwe huangushwa, kijiti huwekwa kati ya taya, ulimi huvutwa kwa kitambaa, na vidole hupitishwa chini yake kutafuta vipele. Akivigusa, anaondoka au anashusha bei. Kipimo hicho ni cha kweli kwa maana kwamba kikigundua vifuko, vipo. Udhaifu wake ni kwamba hukamata tu wale walioathirika sana. Uchunguzi mwingine uliochapishwa mwaka 2013, uliofanyika Mbozi na Mbeya Vijijini, ulikuta vipele vya ulimi kwa asilimia 11.7 ya nguruwe wa Mbozi na asilimia 6 ya wale wa Mbeya Vijijini, ilhali kipimo cha damu kilionyesha maambukizi kwa karibu nguruwe 3 kati ya kila 10 katika wilaya zote mbili. Mfugaji aliyefaulu kipimo cha ulimi hana hakika yoyote.

Na yule aliyeshindwa? Mwaka uleule ambao kijana alianza kuona vipande vyeupe, nguruwe dume wa jirani wa karibu alishikwa ulimi na mnunuzi aliyekusanya mzigo wa kupeleka Dar es Salaam. Mnunuzi alimkataa. Mwenye nguruwe alikuwa amemhesabu mnyama huyo kuwa pesa ya kununulia mbolea ya shamba lake la mahindi kwa msimu uliokuwa ukija. Nilipopata habari ilikuwa siku ya tatu. Nguruwe alikuwa amechinjwa usiku nyuma ya nyumba, bila ukaguzi wala mhuri, nyama ikauzwa vilabuni kwa bei ya chini na ikaisha siku hiyohiyo. Sikuweza kusema kwamba kijana alikula nyama ile, lakini ndiyo aina ya nyama iliyopatikana kule alikokula.

Sheria iko wazi. Nyama ya kuuzwa inatakiwa kukaguliwa, mkaguzi anatakiwa kukata na kutazama ulimi, moyo, misuli ya taya na ya bega, na mzoga uliojaa vifuko unatakiwa kuteketezwa. Tatizo ni kwamba nilikuwa na mamlaka ya kuamuru nguruwe ateketezwe na sikuwa na shilingi hata moja ya kumfidia mwenye mali. Mfugaji aliyenijia kwa uaminifu angeondoka bila nguruwe na bila mbolea. Aliyechinja usiku aliondoka na nusu ya bei. Tunaposhangaa kwa nini nyama mbaya haifiki machinjioni, tumesahau kwamba tumeifukuza wenyewe. Ninaamini halmashauri zinazokusanya ushuru wa nguruwe zinaweza kutenga sehemu ndogo ya ushuru huo iwe mfuko wa fidia, na ninaamini hivyo kwa sababu nimeona upande wa pili wa hesabu katika picha ya skani.

Lipo jambo jingine linalopotosha macho yetu. Homa ya nguruwe ya Afrika inapoingia, kijiji kizima hushtuka, karantini hutangazwa, na minada hufungwa, kwa sababu nguruwe hufa kwa wingi ndani ya siku chache. Ugonjwa huo haumdhuru binadamu hata kidogo. Tegu, kwa upande wake, humwacha nguruwe akiwa mnene, mwenye hamu ya kula na mwenye bei, na madhara yake humfikia mtoto wa jirani baada ya miaka. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba, pale ambapo tegu wa nguruwe amezoeleka, takriban asilimia 30 ya wagonjwa wa kifafa wamekipata kutokana naye, na katika baadhi ya jamii zenye hatari kubwa kiwango hicho huweza kufika asilimia 70. Hicho ni kifafa kinachozuilika.

Kuhusu upishi sina mengi, kwa kuwa nyama iliyokatwa vipande vidogo na kukaangwa au kuchemshwa hadi ikose wekundu ndani huwa salama. Hatari iko kwenye mapande mazito ya kuchoma, ambayo nje yameungua na ndani yana damu. Kinachonisumbua zaidi ni sahani ya pembeni. Kachumbari hutengenezwa kwa kabichi na nyanya mbichi, mara nyingi kutoka bustani za bondeni, zile ambazo ndugu zetu wa Iringa na Njombe huziita vinyungu, ambako maji ya mvua hushuka na kila kilichoachwa mlimani. Mayai ya tegu huweza kuishi kwenye udongo wenye unyevu kwa miezi. Klorini ya kawaida ya maji haitegemewi kuyaua. Kuchemsha huyaua, na kuosha jani moja moja kwa maji safi yanayotiririka husaidia kuyaondoa. Mteja anayedai nyama iive vizuri na kisha kula kachumbari bila kuuliza iliyoshwa wapi amejikinga na tegu wa utumboni, na amebaki wazi kwa kile kinachoingia kichwani.

Kijana alitibiwa kwa prazikwanteli, dawa ileile ambayo watoto wa shule hupewa dhidi ya kichocho, kwa kipimo kidogo kuliko kile cha kichocho. Kampeni za shuleni zinasaidia, ila hazimfikii mtu wa miaka 27 anayepasua kuni. Kabla ya kupewa, bwana afya alimuuliza kwa makini kama ana maumivu makali ya kichwa au amewahi kuanguka, kwa sababu mtu mwenye vifuko ndani ya ubongo asivyovijua anaweza kupatwa na kifafa dawa inapoviua kwa ghafla. Kwa sababu hiyohiyo, hakuna anayepaswa kujinunulia dawa hiyo ili kutibu kifafa. Binti alilazwa, akapewa dawa za kupunguza uvimbe kwanza, kisha albendazoli kwa siku kadhaa chini ya uangalizi, huku dawa za kifafa zikiendelea bila kukatizwa.

Kwa nguruwe ipo oksifendazoli, dozi moja ya miligramu 30 kwa kila kilo ya uzito, inayoua vifuko katika misuli. Nyama ya nguruwe aliyepewa haitakiwi kuliwa kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, na mabaki ya vifuko vilivyokufa huonekana kwa wiki kadhaa zaidi. Ipo pia chanjo ya kumkinga nguruwe, inayotolewa mara mbili. Hakuna kati ya hizo inayoweza kushindana na nguruwe aliyefunguliwa kila Julai, na mkutano wa kijiji ulipoletewa hoja ya kuwafungia mwaka mzima, swali la kwanza lilikuwa la pumba, nalo lilikuwa swali la haki. Kaya kumi na moja zilikubali kufungia kwa kulishana kwa zamu, zikichanga pumba na majani ya viazi vitamu. Nyingine zilikataa. Jirani mwenye dume aliyechinjwa usiku alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono kukubali.

Picha ya pili ya skani, iliyopigwa miezi sita baada ya matibabu, ilionyesha kwamba vifuko viwili vimetoweka na cha tatu kimegeuka chokaa. Daktari alieleza kwamba punje hiyo ya chokaa haitakua wala kuzaa, lakini inaweza kuendelea kuusumbua ubongo, hivyo dawa za kifafa hazitaachwa mpaka atakaposema yeye, na zitaachwa kidogo kidogo. Binti alirudi shuleni akiwa nyuma kwa mwaka mmoja. Mwalimu wake wa darasa aliwafundisha wanafunzi wote namna ya kumgeuza ubavu anapoanguka, kumwondolea vitu vinavyoweza kumuumiza, na kutomtia chochote mdomoni. Tangu hapo ameanguka shuleni mara moja, na wenzake watatu walimshika.

Mara ya mwisho nilipopita pale ilikuwa jioni. Kando ya choo kilikuwa kimesimamishwa kibuyu chirizi, dumu la lita tano lililofungwa kwenye mti na kamba ya kukanyagia, pamoja na kipande cha sabuni kilichotobolewa na kuning'inizwa ili kuku wasikichukue. Kijana alikuwa amekitengeneza mwenyewe. Alifika kutoka shambani na muwa begani, akauegemeza ukutani, akanawa mikono mbele ya watoto waliokuwa wakimsubiri, akanawa na kisu, kisha akaketi na kuanza kumenya. Pingili ya kwanza alimpa mpwa wake mkubwa, naye akaipokea kwa mkono wenye kovu.